Kuichambua nambari kubwa kwa kalamu na karatasi: mfano wa 1,155,574

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 Kenya ilihesabu watu wake, na Novemba mwaka huo Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) likatangaza kwamba kaunti ya Kisumu ina watu 1,155,574. Takwimu ya namna hiyo aghalabu husomwa mara moja ikasahaulika. Hapa tutaishika hiyo hiyo na kuifungua: tujue inagawanyika kwa nambari zipi, ina vigawo vingapi, iko umbali gani kutoka kwenye mraba kamili (nambari inayopatikana kwa kuzidisha nambari nzima kwa yenyewe), na ina uhusiano gani na nambari ya Nakuru. Njia ni ile ile kwa nambari yoyote ya tarakimu sita, saba au nane, iwe ya sensa, ya kura au ya mahesabu ya chama.

Nimeichagua ya Kisumu kwa sababu inafaa mno kufundishia. Haifunguki kwa jaribio la kwanza, wala haimchoshi mwanafunzi wa gredi ya saba hadi akate tamaa, na ndani yake mna mambo ya kushangaza ambayo hakuna aliyeyapanga.

Andaa daftari la hesabu lenye vijisanduku, kalamu, na kama saa moja ya utulivu. Kikokotoo cha simu kiweke kando. Utakitumia kuhakiki tu. Maneno mawili yatarudi kila mara. Kigawo cha nambari ni nambari nzima inayoigawanya bila kuacha baki, kama 7 ilivyo kigawo cha 21. Nambari tasa ni ile iliyo kubwa kuliko 1 na isiyokuwa na vigawo vingine ila 1 na yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea.

Hatua ya 1: Hakikisha nambari yenyewe ni sahihi

Tarakimu moja ikikosewa, kila kitakachofuata kimeharibika, kwa hiyo anzia hapa hata ukiwa na haraka. KNBS ilitoa idadi ya Kisumu kwa mafungu matatu: wanaume 560,942, wanawake 594,609, na watu huntha 23. Zijumlishe, kisha uipime jumla kwa njia ya tisa.

Njia ya tisa ni hii: jumlisha tarakimu za nambari, na ukipata zaidi ya tarakimu moja jumlisha tena, hadi ibaki moja. Wanaume: 5+6+0+9+4+2 ni 26, kisha 2+6 ni 8. Wanawake: 5+9+4+6+0+9 ni 33, kisha 3+3 ni 6. Huntha: 2+3 ni 5. Ukijumlisha 8, 6 na 5 unapata 19, ambayo inakuwa 10, ambayo inakuwa 1. Sasa geukia jumla kuu: 1+1+5+5+5+7+4 ni 28, inakuwa 10, inakuwa 1. Zimelingana.

Siri yake ni kwamba 10 ikigawanywa kwa 9 inabaki 1. 100 vilevile inabaki 1, na 1,000 vilevile. Basi kila tarakimu, iwe kwenye nafasi ya mamoja au ya malaki, inaacha baki kana kwamba imesimama peke yake. Jumla ya tarakimu na nambari nzima huacha baki moja zikigawanywa kwa 9.

Lakini usiitegemee peke yake. Mtu akiandika 1,155,547 badala ya 1,155,574, tarakimu ni zile zile na jumla yake ni 28 ile ile, kwa hiyo kosa la kubadilishana nafasi litapita bila kuonekana. Dawa yake ni kuisoma nambari kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu, huku mwenzako akifuata kwenye nakala ya asili. Kwa maoni yangu hili lingepaswa kuwa desturi ya kila mtu anayenakili takwimu, kuanzia mweka hazina wa chama hadi karani wa kituo cha kura.

Hatua ya 2: Jaribu 2 na 5

Tarakimu ya mwisho ni 4, kwa hiyo nambari ni shufwa. Igawanye kwa 2:

1,155,574 = 2 × 577,787

Iliyobaki inaishia na 7, ni witiri. 2 haiingii tena. Kumbuka hili la 2 kuingia mara moja tu, tutalihitaji tukifika kwenye miraba. Na kwa kuwa mwisho hakuna 0 wala 5, nambari haigawanyiki kwa 5. Kaunti ya Kisumu ina wadi 35. Bila kugawanya chochote, umeshajua kwamba watu hao hawawezi kugawiwa wadi zote sawasawa, maana 35 ina 5 ndani yake.

Hatua ya 3: Jaribu 3 na 9

Jumla ya tarakimu tunayo tayari: 28. Haigawanyiki kwa 3, basi nambari yetu nayo haigawanyiki kwa 3, wala kwa 6, wala kwa 9. Songa mbele.

Hatua ya 4: Jaribu 7, 11 na 13 kwa mpigo mmoja

Watoto wengi hufundishwa kanuni ya 2, ya 3, ya 5 na ya 10, kisha wakifika kwenye 7 wanaambiwa wagawanye tu. Ni hasara, kwa sababu ipo kanuni inayozipima tatu pamoja, na inatokana na ukweli huu mmoja:

7 × 11 × 13 = 1,001

Kwa kuwa 1,001 inagawanyika kwa zote tatu, 1,000 iko pungufu kwa moja tu. Kwa hiyo mbele ya 7, ya 11 au ya 13, kila elfu ni sawa na kutoa 1, na kila milioni, ambayo ni elfu mara elfu, ni sawa na kuongeza 1. Nambari zetu tayari tunaziandika kwa mafungu ya tarakimu tatu tatu kwa kutumia koma. Anza fungu la kulia, toa linalofuata, ongeza linalofuata, toa, ongeza, hadi yaishe.

Kwa 577,787 mafungu ni mawili: 787 − 577 = 210. Sasa badala ya kuhangaika na nambari ya tarakimu sita, unahangaika na 210. Kwa 7 ni 30 kamili. Kwa 11 inabaki 1. Kwa 13 inabaki 2. Basi 577,787 inagawanyika kwa 7, na haigawanyiki kwa 11 wala kwa 13. Tumezimaliza tatu kwa kutoa mara moja.

577,787 = 7 × 82,541

Tukiwa hapa hapa, tuijaribu kanuni kwenye nambari yenye mafungu matatu. Sensa hiyo hiyo iliipa kaunti ya Nakuru watu 2,162,202. Mafungu ni 202, 162 na 2: 202 − 162 + 2 = 42. Kwa 7 inaingia kamili. Kwa 11 na 13 haiingii. Nakuru nayo inagawanyika kwa 7.

Rudi Kisumu. Kaunti ina maeneo bunge saba: Kisumu Mashariki, Kisumu Magharibi, Kisumu ya Kati, Seme, Nyando, Muhoroni na Nyakach. Kama watu wangegawiwa sawa, kila eneo bunge lingepata 165,082 kamili bila mtu kubaki. Watu hawaishi hivyo, lakini hesabu inakubali.

Usisahau kuijaribu 7 mara ya pili, kwa sababu tasa inaweza kuingia zaidi ya mara moja. Kwa 82,541: 541 − 82 = 459, na 459 kwa 7 inabaki 4. Haiingii tena. Na 11 na 13 hazikuingia kwenye 577,787, kwa hiyo haziwezi kuingia kwenye sehemu yake.

Hatua ya 5: Weka mpaka wa kazi

Sasa tuna 82,541 mkononi, na kanuni rahisi zimekwisha. Kuanzia hapa ni kugawanya kwa 17, 19, 23 na kuendelea. Swali ambalo kila mwanafunzi huuliza ni: hadi wapi? Wengi hudhani ni hadi nusu ya nambari, yaani zaidi ya elfu arobaini, na hapo ndipo wanapofunga daftari.

Mpaka uko karibu zaidi. Kama 82,541 ni zao la nambari mbili, haziwezi zote mbili kuzidi kipeuo chake cha pili, yaani ile nambari ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 82,541. Zikizidi zote mbili, zao lingekuwa kubwa mno. Kwa hiyo moja kati yao lazima iwe chini ya kipeuo hicho au sawa nacho. Kitafute kwa kukisia: 280 × 280 ni 78,400, ndogo, 290 × 290 ni 84,100, kubwa, 287 × 287 ni 82,369, 288 × 288 ni 82,944. Mpaka ni 287. Ukifika hapo bila kupata kitu, nambari ni tasa na kazi imekwisha.

Zaidi ya hayo huhitaji kujaribu nambari zote hadi 287, bali tasa tu. Kama 15 ingeingia, 3 ingeshaingia kabla yake. Orodha ya tasa ipate kwa chekeche la Eratosthenes, mwana wa Cyrene katika Libya ya leo, aliyesimamia maktaba ya Alexandria nchini Misri katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Andika nambari zote kutoka 2 hadi 287. Zungushia 2 duara, kisha kata kila kigawe chake, yaani kila nambari kubwa zaidi ambayo 2 inaigawanya bila baki: 4, 6, 8 na kuendelea. Nambari ya kwanza ambayo haijakatwa ni 3. Izungushie, kata vigawe vyake. Kisha 5, 7, 11 na 13. Unasimama hapo kwa sababu 17 × 17 ni 289, imeshavuka orodha. Zote zilizobaki bila kukatwa ni tasa, na ukizihesabu ni 61. Sita za kwanza tumeshazijaribu, zimebaki 55. Kutoka elfu arobaini hadi 55!

Ikate karatasi hiyo uibandike nyuma ya daftari. Utaitumia maisha yote.

Hatua ya 6: Gawanya kwa mpangilio

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa ndipo pa kuinama. Ila huhitaji kugawanya kwa urefu. Unachotafuta ni kujua kama kuna baki, hivyo ondoa vigawe vikubwa vilivyo rahisi hadi ubaki na kitu kidogo. Kwa 17: 82,541 toa 68,000 ni 14,541, toa 13,600 ni 941, toa 850 ni 91, toa 85 ni 6. Baki 6, haiingii. Kwa 41 ni rahisi zaidi: 82,000 ni 41 mara 2,000, inabaki 541, na 41 × 13 ni 533, baki 8.

Andika kila baki, usiandike tu kwamba haikuingia. Baki zilizoandikwa zinaweza kukaguliwa na mtu mwingine. Neno "hapana" haliwezi. Zangu ni hizi, ulinganishe na zako:

17 baki 6
19 baki 5
23 baki 17
29 baki 7
31 baki 19
37 baki 31
41 baki 8
43 baki 24
47 baki 9
53 baki 20
59 baki 0

Imeingia. 59 × 1,400 ni 82,600, na hiyo inazidi 82,541 kwa 59 kamili, kwa hiyo jibu ni 1,399:

82,541 = 59 × 1,399

Je, 1,399 ni tasa? Kipeuo chake cha pili kiko kati ya 37 na 38, maana 37 × 37 ni 1,369 na 38 × 38 ni 1,444. Kwa kanuni ya hatua ya 5 tungelazimika kuijaribu kwa kila tasa hadi 37. Lakini tazama: tasa zote hizo tumeshazijaribu kwenye 82,541 au kwenye nambari zilizotangulia, na hakuna hata moja iliyoingia tena. Kama 23 ingegawanya 1,399, ingegawanya pia 82,541, ambayo ni 59 mara 1,399. Haikuigawanya. Basi 1,399 ni tasa, na tumelijua hilo bila kugawanya tena hata mara moja. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii: majaribio yaliyoshindwa huko nyuma ndiyo yanayotoa ushahidi huku mbele.

Sasa nambari imefunguka yote:

1,155,574 = 2 × 7 × 59 × 1,399

Mtu mwingine akianzia na 59 huko Busia, na mwingine akaanzia na 7 huko Homa Bay, wote wataishia na tasa hizi nne na si nyingine. Kila nambari nzima kubwa kuliko 1 ina mchanganuo mmoja tu wa tasa. Ukipata tofauti na mwenzako, mmoja wenu amekosea.

Hatua ya 7: Orodhesha vigawo vyote

Kila kigawo cha nambari yetu kinaundwa kwa kuchagua, kwa kila tasa, ama kuiingiza ama kuiacha. Tasa ni nne na kila moja ina chaguo mbili, kwa hiyo 2 × 2 × 2 × 2 = 16. Lijue hilo kabla ya kuorodhesha, ili utambue kama umesahau kimoja. Kwanza zile zisizo na 1,399, kisha hizo hizo zikizidishwa kwa 1,399:

1, 2, 7, 14, 59, 118, 413, 826

1,399, 2,798, 9,793, 19,586, 82,541, 165,082, 577,787, 1,155,574

Ukitaka kuwapanga watu wote kwenye mstatili uliokaribia mraba, utachukua vigawo viwili vya katikati: safu 826 zenye watu 1,399 kila moja. Hakuna mpangilio mwingine ulio karibu zaidi na mraba, kwa sababu kati ya 826 na 1,399 hamna kigawo.

Jumla ya vigawo vyote ina njia ya mkato, nayo katika nambari hii ni nzuri ajabu. Ongeza 1 kwenye kila tasa, kisha zidisha: 3 × 8 × 60 × 1,400 = 2,016,000. Njia hii inafaa mradi hakuna tasa iliyojirudia. Sasa ondoa nambari yenyewe, na vigawo vingine vyote kwa pamoja ni 860,426, pungufu ya 1,155,574. Nambari ya namna hii huitwa pungufu. Ikiwa jumla inazidi nambari, ni zidifu. Ikilingana, ni timilifu, na hizo ni adimu sana. Mfano wa timilifu ni 28, maana 1+2+4+7+14 ni 28. Na 28 ndiyo ile jumla ya tarakimu za Kisumu tuliyoipata hatua ya 1.

Nakuru je? Hapa huhitaji hata kumaliza mchanganuo. Nambari 2,162,202 ni shufwa, na jumla ya tarakimu zake ni 15, basi inagawanyika kwa 3, na hivyo kwa 6. Nusu yake ni 1,081,101, theluthi yake ni 720,734, sudusi yake ni 360,367. Ukijumlisha hizo tatu unarudi kwenye 2,162,202 yenyewe. Vigawo vitatu tu vimeshaifikia, na bado hatujaongeza hata ile 1. Kwa hiyo Nakuru ni zidifu, na kwa hoja hiyo hiyo kila kigawe cha 6 kinachozidi 6 ni zidifu.

Hatua ya 8: Ipime na miraba

Kipeuo cha pili cha 1,155,574 kiko karibu sana na 1,075. Kuzidisha kwa yenyewe nambari inayoishia na 5 kuna mkato: chukua sehemu iliyo kabla ya 5, yaani 107, izidishe kwa inayofuata, 108, upate 11,556, kisha bandika 25 mwishoni: 1,155,625. Toa idadi ya watu wetu na tofauti ni 51. Wangeongezeka watu wa kujaza basi moja la shule la viti 51, kaunti nzima ingesimama kwenye mraba kamili wa 1,075 kwa 1,075.

Je, nambari inaweza kuandikwa kama mraba kutoa mraba? Nusu yake inaweza. Chukua 577,787 = 413 × 1,399, tafuta nambari ya katikati, ambayo ni 906, na umbali wa kila upande, ambao ni 493. Basi 577,787 = 906 × 906 − 493 × 493, yaani 820,836 − 243,049. Lakini 1,155,574 yenyewe haiwezi kamwe. Mraba kutoa mraba ni zao la tofauti na jumla ya nambari mbili, na tofauti na jumla hizo ama zote ni shufwa ama zote ni witiri. Zikiwa shufwa, zao linagawanyika kwa 4. Zikiwa witiri, zao ni witiri. Nambari yetu ina 2 moja tu, haiko huku wala kule. Wala haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili, kwa sababu ina 7 mara moja, na tasa inayoacha baki 3 ikigawanywa kwa 4 lazima iingie mara shufwa ili hilo liwezekane.

Hatua ya 9: Ilinganishe na nambari nyingine

Kigawo kikubwa cha shirika cha nambari mbili, yaani nambari kubwa kuliko zote inayozigawanya zote mbili bila baki, hakihitaji mchanganuo wowote. Euclid wa Alexandria, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, aliandika njia ambayo hadi leo kompyuta zinaitumia: gawanya kubwa kwa ndogo, chukua baki, gawanya ndogo kwa baki hiyo, endelea hivyo hadi baki iwe 0. Baki ya mwisho isiyo 0 ndiyo jibu. Kwa Nakuru na Kisumu:

2,162,202 kwa 1,155,574, baki 1,006,628
1,155,574 kwa 1,006,628, baki 148,946
1,006,628 kwa 148,946, baki 112,952
148,946 kwa 112,952, baki 35,994
112,952 kwa 35,994, baki 4,970
35,994 kwa 4,970, baki 1,204
4,970 kwa 1,204, baki 154
1,204 kwa 154, baki 126
154 kwa 126, baki 28
126 kwa 28, baki 14
28 kwa 14, baki 0

Jibu ni 14. Na 14, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kungoja gari lijae kwenye steji ya Kisumu, ni idadi ya abiria wa matatu ndogo. Watu wa kaunti ya Kisumu wangejaza matatu 82,541 bila kiti kubaki wazi na bila mtu kubaki steji. Watu wa Nakuru wangejaza 154,443, nao vilevile bila hata mmoja kuzidi. Na hakuna gari la idadi kubwa zaidi ya viti linaloweza kuzifanyia kaunti zote mbili hivyo. Huu ni usadifu mtupu. Lakini mwalimu anayetafuta mfano wa kigawo kikubwa cha shirika hatapata ulio bora kuliko huu katika ukanda wetu.

Hatua ya 10: Iandike kwa mfumo wa uwili

Hii ni fupi. Mfumo wa uwili huandika nambari kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Gawanya nambari kwa 2 mfululizo ukiandika baki, kisha soma baki kutoka chini kwenda juu. Utapata tarakimu 21, kumi na moja kati yake zikiwa 1:

1 0001 1010 0001 1111 0110

Ndivyo simu yako inavyoihifadhi. Ihakiki kwa kujumlisha vipeo vya 2 vyenye 1: 1,048,576 + 65,536 + 32,768 + 8,192 + 256 + 128 + 64 + 32 + 16 + 4 + 2.

Pale kalamu inapogota

Kwa 82,541 tuligawanya mara kumi na moja tukapata 59. Ingekuwa zao la tasa mbili zinazokaribiana, kama 281 na 293, tungekwenda karibu hadi mwisho wa orodha ya 55. Kadiri tasa mbili zinavyokuwa kubwa na kukaribiana kwa ukubwa, ndivyo kazi hii inavyokuwa nzito. Juu ya uzito huo, mwaka 1977, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walijenga mfumo wa siri uitwao RSA, ambao unalinda mawasiliano ya intaneti: kuzidisha tasa mbili ni rahisi, kuzitenganisha ni balaa. Nambari ya mazoezi iitwayo RSA-250, yenye tarakimu 250, ilitenganishwa Februari 2020 kwa kazi ya takriban miaka 2,700 kama ingefanywa na kiini kimoja tu cha prosesa. Tarakimu zetu ni saba.

Mazoezi

Chukua nambari tatu za sensa hiyo hiyo ya 2019.

Kakamega, 1,867,579. Mafungu yanatoa 579 − 867 + 1 = −287. Alama ya kutoa isikutishe; angalia kama 287 inagawanyika kwa 7. Inagawanyika, mara 41. Sasa una kaunti tatu zenye 7 ndani yake, lakini usiseme kwamba 7 ina jambo na magharibi mwa Kenya: kila nambari ya saba ina 7. Endelea mwenyewe na 266,797, ambayo mpaka wake ni 516.

Bungoma, 1,670,570. Inaishia na 0, kwa hiyo 2 na 5 ni za bure. Kisha 570 − 670 + 1 = −99. Tasa ipi kati ya 7, 11 na 13 inaingia?

Vihiga, 590,013. Jumla ya tarakimu ni 18, basi 9 inaingia na kuacha 65,557. Jumla ya tarakimu za hiyo ni 28, haina 3 tena. Mpaka wake ni 256, kwa kuwa 256 × 256 ni 65,536, kwa hiyo tasa ya mwisho ya kujaribu ni 251. Andika baki zote, kisha mpe mwenzako azikague.